Kuruta Hufunzwa na Nani, na kwa Ajili ya Nani?

Katika historia ya jeshi letu zipo tarehe mbili zitajwazo kila mara. Ya kwanza ni 20 Januari, 1964, siku askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Ya pili ni 1 Septemba ya mwaka ule ule, siku lilipozaliwa Jeshi la Wananchi. Watu huzitaja tarehe hizo kama atajavyo mtu ugonjwa wake na kupona kwake, wakayaruka yaliyo katikati. Sisi twadai kwamba jambo kubwa lilikuwa hapo katikati, katika ile miezi saba ambayo nchi huru ilikaa bila ya jeshi lake, na vijana wapya wakafundishwa bunduki kuanzia hatua ya kwanza ya kwata. Historia ya mafunzo ya askari wa miguu nchini mwetu haijaandikwa kwa Kiswahili kama istahilivyo. Na kwa sababu hiyo mengi yasemwayo leo juu ya vijana na jeshi husemwa gizani.

Twasema askari wa miguu kwa makusudi. Mpiga mzinga humwona adui kwa darubini, na rubani humwona kama sisimizi. Askari wa miguu ndiye akutanaye na watu. Ndiye asimamaye njia panda, ndiye agongaye mlango wa nyumba usiku, ndiye apitaye katikati ya soko bunduki ikiwa begani. Basi mwenye haja kubwa ya kujua alifunzwa nini si jenerali peke yake. Ni mwananchi wa kawaida, mwenye duka na mwenye shamba, ambaye siku moja huenda akasimama mbele ya bunduki ile.

Mafunzo ya namna hiyo yalianza kwetu kwa mkono wa wageni. Wajerumani walikuwa na askari wao, na Waingereza walikuwa na King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni yao ya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Wazee wetu waliliita Keya. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, Keya ilikuwa na batalioni tatu tu. Ilipokwisha mwaka 1918 zilikuwa 22. Na hapa pana jambo la kutia mtu fikira: batalioni ya 6, ile ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa batalioni ya Tanganyika, ilipoundwa upya mwaka 1917 ilijazwa na askari waliokwisha kufunzwa na Wajerumani. Mtu yule yule, bunduki begani, alipiga kwata kwa amri ya Kijerumani jana, na leo akapiga kwata kwa amri ya Mwingereza, dhidi ya wenzake wa jana. Hatumlaumu. Alikuwa mateka, alikuwa na njaa, na vita havikuwa vyake. Tunamtaja kwa kuwa anatuonyesha mafunzo yale yalikuwa ya namna gani: yalifundisha mkono na mguu, wala hayakujali mtu anampigania nani.

Ingekuwa uongo kusema kwamba yalikuwa mafunzo duni. Keya ilitoa askari hodari kupita kiasi. Waliwatoa Waitalia Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagascar mwaka 1942, na katika mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika, katika matope na malaria, ikafika mto Chindwin na kuuvuka. Anayedhani kwamba askari wa miguu wa Kiafrika alijifunza vita baada ya uhuru na awaulize wajukuu wa watu wale. Jina lenyewe la Colito lilitoka huko: ni mahali Ethiopia ambapo mwezi wa Mei, 1941, askari wa Keya ya 6 walipambana na vifaru vya Waitalia.

Lakini tuutazame upande wa pili. Waingereza walikuwa na imani yao kwamba yako makabila ya vita na makabila yasiyo ya vita. Wahehe walipendwa, Wakuria walipendwa. Na kijana aliyesoma hakupendwa hata kidogo, kwani msomi huuliza maswali. Kuruta alitakiwa awe na kifua kipana, miguu imara, na elimu ndogo. Akishaingia alitengwa. Aliishi ndani ya ua wa kambi, mara nyingi mbali na kwao, na familia yake ikaishi humo humo. Kiswahili alichofundishwa kilikuwa kile kilichoitwa Kikeya, lugha ya amri fupi fupi, iliyotosha kumwamrisha mtu asimame, akimbie, alenge shabaha na asafishe buti. Ofisa wa Kizungu alijifunza Kikeya hicho hicho. Hivyo wawili wale waliweza kuishi pamoja miaka kumi, mmoja akiamuru na mwingine akitii, pasipo hata siku moja kuzungumza jambo lolote kwa urefu.

Na cheo cha Mwafrika kilikuwa na dari. Aliweza kupanda hadi sajini-meja, akaheshimiwa, akaogopwa, akavaa medali. Lakini kijana wa Kiingereza wa miaka ishirini, aliyeshuka merikebuni juzi, alikuwa mkubwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikaletwa cheo cha efendi, ambacho kilikuwa nusu ya uofisa, kama kiti kilichowekwa mlangoni ili mtu asiseme kwamba amefungiwa nje. Mmoja wa waliopewa cheo hicho, mwaka 1959, alikuwa askari wa Keya ya 4 huko Uganda, jina lake Idi Amin. Tutamrudia.

Kazi ya askari yule haikuwa kupigana na Wajerumani na Waitalia tu. Keya ilitumwa kuwapiga Wagiriama mwaka 1914, watu ambao kosa lao lilikuwa kukataa kutoa vijana wao wakawe wabebaji mizigo. Keya ilitumwa Kenya tangu 1952 wakati wa Mau Mau, na batalioni za Tanganyika zilikuwamo. Aliyemfundisha kuruta wa Keya hakumwambia kwamba watu walio nje ya ua ni ndugu zake. Hakuwa na sababu ya kumwambia, na alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Ikafika 9 Desemba, 1961. Bendera ikapanda, na Keya ikaitwa Tanganyika Rifles. Batalioni ya kwanza ikabaki Colito, na ya pili ikawa Tabora. Beji zikabadilishwa, na nyimbo zikabadilishwa. Mafunzo hayakubadilishwa. Mkuu wa jeshi alikuwa brigedia wa Kiingereza, Patrick Sholto Douglas, na wengi wa maofisa walikuwa wenzake. Nchi nzima ilikuwa ikiambiwa kwamba mambo sasa ni yetu, kwamba shule ni zetu na mashamba ni yetu. Huko kambini kuruta aliamka alfajiri kwa tarumbeta ile ile, akafokewa na mtu yule yule, kwa Kikeya kile kile. Kijana aliyesoma naye darasa moja la nne akaacha shule alikuwa sasa karani wa Halmashauri, anaitwa ndugu. Yeye anaitwa kuruta, na mshahara wake ni shilingi 105 kwa mwezi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ile ya Januari, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wakawakamata maofisa wao. Walidai mambo mawili: Waingereza waondoke na Waafrika wapewe vyeo, na mshahara upande hadi shilingi 260. Wakaizunguka Ikulu, wakashika redio na uwanja wa ndege. Mjini maduka yakavunjwa na watu wakauawa. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na ulinzi, akaenda kuzungumza nao. Tabora nayo ikafuata. Mwalimu Nyerere alikuwa amefichwa; alisikika redioni siku ya pili. Tarehe 25, askari wa majini wa Kiingereza, 45 Commando, walishushwa kwa helikopta kutoka manowari Centaur, na kwa asubuhi moja uasi ukawa umekwisha.

Kuna hoja mbili ambazo husikika sana juu ya uasi huo. Moja husema ilikuwa habari ya mshahara tu. Nyingine husema walikuwapo wachochezi wa kisiasa. Hatukatai kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Mtu asiyekubali hilo na ajaribu kulisha watoto watatu kwa fedha ile. Wala hatukatai kwamba madai ya vyeo yalikuwa ya haki. Lakini mshahara mdogo ulikuwako bandarini, ulikuwako kwenye mkonge, ulikuwako relini. Wafanyakazi wa huko waligoma, wakapiga kelele, wakapeleka wajumbe. Swali letu ni hili: kwa nini askari, alipokosana na ofisa wake, hakuona mtu mwingine yeyote wa kumwendea? Jawabu tulionalo ni kwamba katika mafunzo yake yote hakuwahi kuonyeshwa mwingine. Kamba iliyomfunga na nchi ilikuwa moja tu, nayo ilipita mkononi mwa Mwingereza. Siku alipomweka Mwingereza mahabusu, kamba ikakatika, naye akajikuta na bunduki na mji mzima mbele yake.

Ushahidi wa jambo hilo hauko Dar es Salaam peke yake. Tarehe 23 Januari askari wa Uganda waligoma Jinja. Tarehe 24, askari wa Kenya waligoma Lanet, karibu na Nakuru. Serikali zilikuwa tatu, na viongozi watatu wa tabia mbalimbali kabisa: Nyerere, Obote na Kenyatta. Kilichokuwa kimoja ni jeshi walilorithi. Wapo watakaosema kwamba habari ilienea kwa redio na kila mmoja akamwiga mwenziwe. Ni kweli, ilienea. Lakini cheche huanguka mahali pengi, na huwasha pale tu penye majani makavu.

Uingereza ilitumwa kuzima moto katika nchi zote tatu. Yaliyofuata yalitofautiana. Kenya iliwaadhibu wakosaji ikahifadhi jeshi lake. Uganda ilipandisha mishahara na kupandisha vyeo haraka haraka, na efendi wetu wa mwaka 1959 akapanda nao. Tarehe 25 Januari, 1971, miaka saba kamili tangu siku ile ya helikopta, alitwaa nchi. Hatusemi kwamba Idi Amin alitengenezwa na Keya peke yake. Kila mtu hubeba dhambi zake. Twasema kwamba jeshi lile liliachwa lilivyo, na yeye akalikuta limekaa tayari.

Tanganyika ilivunja jeshi. Askari wakanyang'anywa bunduki na sare, wakarudishwa makwao, viongozi wa uasi wakashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufungwa. Leo neno hilo ni rahisi kutamka, kwa kuwa tunajua mwisho wake. Wakati ule lilikuwa jambo la hatari mno. Nchi yenye mipaka mirefu namna hii, iliyopakana na Msumbiji ya Wareno, ilibaki na polisi na wageni. Mwalimu mwenyewe aliita mkutano wa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, hakuwaficha aibu aliyoiona kwa kumwomba mkoloni wa jana aje kumlinda. Ndipo Nigeria ikaleta batalioni, iliyofika mwezi wa Aprili na kuondoka Septemba. Watu wachache sana wanakumbuka leo kwamba kwa miezi kadhaa ulinzi wa mji mkuu wetu ulikuwa juu ya vijana wa Kinijeria. Nadhani hata barabara moja haikupewa jina lao.

Nyuma ya ulinzi huo likaanza somo jipya. Siku ile ile ya 25 Januari Mwalimu aliwaita vijana wa TANU Youth League, popote walipo, waende katika ofisi ya TANU iliyo karibu wakajiandikishe, ili jeshi jipya litokane na wao. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai, 1963, lilikuwa na miezi michache tu ya maisha. Nalo likawa kisima cha kuchota makuruta. Hebu mtu apime tofauti. Hakuna aliyepima upana wa kifua na kuuliza kabila. Hakuna aliyemkataa kijana kwa kuwa amesoma. Mlango wa jeshi ulikuwa ofisi ya chama kijijini, mahali ambapo kila mtu alimjua kijana huyo ni mtoto wa nani, na kama ni mwizi wa kuku ilijulikana.

Wakufunzi walikuwa wachache mno. Walikuwapo maofisa wetu wa kwanza, miongoni mwao Mrisho Sarakikya, aliyesoma Sandhurst na kutoka mwaka 1961, akakabidhiwa jeshi lote akiwa bado kijana. Mwezi wa Agosti, 1964, ilitangazwa kwamba litakuja kundi la Wachina 11, wakufunzi pamoja na wakalimani wao. Kelele zilizopigwa London na Washington kwa ajili ya watu 11 zilitosha kumfanya mtu adhani kwamba imekuja divisheni nzima. Mwaka 1965 wakaja Wakanada, wakakaa hadi 1970. Hapo kuna somo linalopita bila kuonwa. Wachina walifundisha na Wakanada walifundisha, wala hapana hata mmoja wao aliyekuwa mkubwa wa jeshi. Mgeni alionyesha jinsi ya kufungua bunduki na kuifunga, jinsi ya kuchimba handaki, jinsi ya kutambaa usiku. Na alipomaliza alikaa pembeni. Amri ilitoka kwa Mtanzania, kwa Kiswahili kilicho kamili, chenye neno la kuamuru na neno la kueleza. Kuruta aliweza kuambiwa sababu. Aliweza kuingia chama, kama mkulima na karani. Alilima pia, na ingawa wapo waliocheka kuona askari ameshika jembe, jembe lile lilimtoa nje ya ua.

Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo. Sijui kama makuruta wote wanaopita hapo wanaelezwa maana yake. Lugalo ni mahali katika nchi ya Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti, 1891, watu wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Hao Wahehe ndio Waingereza waliokuja kuwasifu kwa kuwa kabila la vita na kuwaandikisha kwa wingi, wakapigane mbali na kwao. Jina la ushindi walioupata kwa ajili ya mfalme wa ng'ambo likaondolewa, likawekwa la ushindi walioupata kwa ajili ya nchi yao. Kama mwalimu wa kuruta angekuwa na saa moja tu ya kufundisha historia, tungemshauri asimame langoni pa kambi ile na kuyaeleza majina hayo mawili.

Je, mafunzo mapya yalifaulu? Kwa kipimo kikubwa yalifaulu. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, 1978, wanajeshi wetu pamoja na polisi, magereza, JKT na mgambo walikusanywa wakapita 100,000 kwa muda wa wiki chache. Mgambo hao walikuwa wakifunzwa vijijini tangu Mwongozo wa 1971. Hapana serikali iliyowaogopa raia wake ambayo ingethubutu kuwapa bunduki wengi namna hiyo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, 1979. Waliokutana vitani walikuwa majeshi mawili yaliyozaliwa na mama mmoja, moja likiwa limelelewa upya na jingine limeachwa lilivyo.

Lakini anayeandika historia ya sifa tupu huwaibia vijana. Mji wa Mutukula, upande wa Uganda, ulibomolewa na askari wetu mwezi wa Januari, 1979, na raia waliuawa humo. Mwalimu aliposikia alihuzunika, akaamuru kwamba raia na mali yao visiguswe. Kwamba amri ya namna hiyo ilihitajika kutolewa ni dalili kwamba somo la nani ni adui na nani si adui lilikuwa halijaingia kila kichwa. Tena mwanzoni mwa 1983 wanajeshi kadhaa pamoja na raia walikamatwa kwa shtaka la kutaka kuipindua serikali, na mwaka 1985 wakahukumiwa. Hao hawakuwa watoto wa Keya. Walifunzwa na sisi. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kwa kuwa tulilivunja jeshi moja mwaka 1964, kazi ilikwisha milele. Kila kuruta anayeingia huanza mwanzo, kama mtoto wa darasa la kwanza, ambaye elimu ya babaye haimsaidii kusoma herufi.

Ndipo tunapofika kwenye mambo ya leo. Mwaka 1992 nchi ilirudi katika mfumo wa vyama vingi, na Katiba ikamkataza mwanajeshi kuwa mwanachama wa chama chochote. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na twauunga mkono pasipo kigugumizi. Jeshi likiwa na kadi ya chama kimoja wakati vyama ni vingi, basi raia wenye kadi nyingine watakuwa wageni mbele ya bunduki. Hata hivyo yafaa tukubali kwamba kadi ile ilikuwa jawabu la swali, na kwamba jawabu lilipoondolewa swali lilibaki. Mwaka 1964 kuruta aliyeuliza, "Ninabeba bunduki hii kwa ajili ya nani?" alijibiwa, na jawabu alilielewa. Leo jawabu lake ni Katiba na watu wote waliomo nchini, wenye chama na wasio nacho. Ni jawabu bora kuliko la kwanza, lakini ni gumu zaidi kufundisha, kwani Katiba haina ofisi kijijini, wala haina wimbo na ngoma. Basi lahitaji saa nyingi zaidi darasani, na mkufunzi aliyeandaliwa vema zaidi. Na mwenye kudhani kwamba jambo hilo litajifundisha lenyewe baada ya mazoezi ya shabaha, anarudia kosa la Keya akiwa amevaa sare mpya.

Jambo la pili ni ajira. JKT imepita vipindi vingi. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti yake, wakafukuzwa zaidi ya 300; na Mwalimu, kwa kuwa walimwambia habari ya mishahara mikubwa ya viongozi, alijipunguzia wake kwa asilimia 20. Mwaka 1994 utaratibu wa kuwachukua vijana kwa lazima ulisimamishwa, ukarudishwa mwaka 2013. Katikati ya hayo nchi imebadilika. Vijana ni wengi, kazi ni chache, na kambi imekuwa machoni pa wazazi wengi ni njia ya kumpatia mtoto mshahara wa jeshi au wa polisi. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 wa JKT waliondolewa makambini baada ya kudai waandikishwe jeshini; mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe.

Wako waliowaita watovu wa nidhamu, na wako waliowaita wanyonge walioonewa. Hatutaki kugombana na yeyote kati yao. Walivunja taratibu ya jeshi, na jeshi lisilo na taratibu ni kundi la watu wenye silaha. Lakini kijana aliyechimba, akajenga, akakesha lindoni kwa kutumaini ajira, hakuyaota matumaini hayo peke yake. Yako mambo yaliyosemwa na mengine yaliyoachwa bila kusemwa, na kijana akajaza mahali patupu. Msamaha ulikuwa wa hekima. Ungekuwa wa hekima zaidi utaratibu wa kumwambia kila kijana siku ya kwanza langoni, kwa maandishi ya Kiswahili chepesi na kwa saini ya mkuu wa kambi, mambo mawili tu: ni lipi ameahidiwa, na ni lipi hakuahidiwa. Mzazi apewe nakala yake.

Wala tusiwabeze vijana kwa kutaka mshahara. Askari hula kama mtu mwingine. Waliofanya dharau mwaka 1964 juu ya shilingi 105 walijua baadaye bei ya dharau hiyo. Twasema tu kwamba ikiwa mshahara ndio neno la kwanza analosikia kuruta, na ndilo la mwisho, basi kamba inayomfunga na wananchi imekuwa moja tena. Imetoka mkononi mwa Mwingereza ikaingia mkononi mwa mhasibu.

Tunayo rai ambayo haihitaji fedha nyingi. Kijana aliyekwenda ofisi ya TANU kujiandikisha mwaka 1964 akiwa na miaka kumi na minane au ishirini, leo amekaribia themanini au ameupita umri huo. Wamebaki wachache, katika vijiji vya Iringa, Tabora, Tarime na Songea. Wapo pia wazee wa upande wa pili, waliokuwa Colito usiku ule, wakaenda nyumbani bila sare, wasiulizwe kitu tena. Chuo Kikuu, Idara ya Nyaraka na jeshi lenyewe wawatafute wote wawili, kabla ya masika mengine, wakiwa na chombo cha kunasa sauti na kijana wa kuandika. Wawaulize mambo madogo. Waliamka saa ngapi siku ya kwanza? Nani aliwafokea, na kwa lugha gani? Walikula nini? Ofisa aliwaita kwa jina au kwa namba? Na mkufunzi alipowaonyesha watu waliokuwa wakipita nje ya ua, wanawake wenye ndoo na watoto wa shule, aliwaambia kwamba hao ni nani?